Nilitumwa Kuandika Ripoti, Nikarudi Komadre

Kwa wale mliofungia samaki gazeti la Jumamosi kabla hamjalisoma, nawasamehe. Mambo yalifika hapa: mimi, Nereida Polanco, mwanamke mzima niliyeacha kazi ya benki nikaenda kusomea shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, nilikuwa nimeshaondolewa kwenye mafunzo kwa vitendo mara mbili. Mara ya kwanza nililia kuliko mteja, hadi mteja akanifuta machozi kwa upindo wa gauni lake. Mara ya pili nilipelekwa nyumba ya wazee, nikawafunga wazee domino mpaka mmoja akapandisha presha.

Ikabaki nafasi ya tatu. Chuo hakina ya nne. Nikiiharibu hiyo, shahada basi tena, na mama yangu atapata la kusema mpaka siku ya mazishi yangu.

Msimamizi wangu mpya alikuwa Profesa Urania Tavárez. Mama mrefu, miwani yake inaning'inia kwenye mnyororo, na akiingia darasani hata feni inaona haya kupiga kelele.

"Nereida," akaniambia siku ananikabidhi kazi, "kati yako na familia kuna meza. Huipandi, huipindui, wala huchungulii chini yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Profesa."

"Wakikupa kahawa?"

"Nakunywa."

"Wakikupa sahani?"

"Nashukuru, nimeshiba."

"Hata kama ni maharage ya sukari?"

Hapo nilichelewa kidogo kujibu. Ilikuwa Kwaresima jamani, na maharage ya sukari hayaji mara mbili kwa mwaka.

"Hata hayo, Profesa."

"Vizuri. Na ukijifunga nao kwa undugu wowote, wa damu, wa ndoa, wa kanisani, mafunzo yako yamefutwa siku hiyohiyo. Sitakuuliza ilikuwaje."

Kazi yenyewe ilikuwa ya mtoto mchanga wa mji wa Salcedo aitwaye Radhamés. Jina zito kuliko mwenyewe. Mama yake, Yajaira, yuko kisiwani Curaçao anafanya kazi hotelini. Baba yake yuko New York anafanya kazi ya kutopokea simu. Mtoto ameachwa kwa mama yake mdogo, Bienvenida, mwenye saluni. Bibi yake mzaa baba, mama wa heshima tunayemwita Doña Fidelina, naye anamtaka.

Wawili hao walishindwa kuelewana wakafika kwa hakimu wa watoto. Hakimu akataka ripoti: mtoto akae wapi? Ripoti niandike mimi, Profesa aisaini. Kazi rahisi, nikajisemea. Nacheka nikikumbuka.

Mwanzo nilikwenda vizuri sana. Nilikaa saluni, nikanywa kahawa, nikauliza maswali yangu, nikaondoka na njaa yangu.

"Wewe msomi," Bienvenida alinitania, "tumbo lako linashinda mashine ya kukaushia nywele."

"Ni magari barabarani."

"Barabara hiyo imepita tumboni kwako. Kula basi, wali wa bure huo."

"Nimeshiba, Bienve."

"Umeshiba vitabu."

Basi ikaja siku moja ya Mei, mchana. Mvua ikashuka na ngurumo juu yake. Radhamés alikuwa analia tangu asubuhi, anajikunja tumbo, hapokei chupa wala wimbo. Mara akaingia jirani, Doña Librada, yule anayeongoza rozari mtaani, ameloa chapachapa.

"Mtoto huyu hajabatizwa, hana maji kichwani, na radi inapiga! Bienve, una akili?"

"Padre yuko Santiago mpaka Jumapili, Doña."

"Maji ya dharura hayamngoji padre. Lete glasi. Lete mshumaa. Lete chumvi."

"Na nani amshike?"

Doña Librada akazungusha macho saluni nzima. Mteja wa kwanza alikuwa na rangi kichwani inamdondoka mabegani. Wa pili alikuwa Mwadventista, akageukia dirishani kuangalia mvua kwa makini sana.

"Wewe msomi, nishikie huyu."

Naombeni mnielewe. Mtu akikwambia "nishikie mtoto," unamshika. Huulizi meza iko wapi. Mimi nilidhani anakwenda kutafuta glasi. Kumbe glasi alikuwa nayo mkononi.

Maji yakamwagika, maneno yakasemwa, Radhamés akatoa macho. Kisha Doña Librada akanigeukia.

"Nasadiki!"

Mimi nimelelewa na masista, na masista wale walikuwa na rula. Nikisikia Nasadiki, ile sala ya imani, ulimi unaondoka wenyewe. Niliisali yote bila kuvuta pumzi. Nilipofika amina, mtoto alikuwa amenyamaza, amekamata hereni yangu, anaivuta kama anayepiga kengele.

"Komadre!" Bienvenida akanirukia shingoni.

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Huku kwetu ukimshika mtoto wakati wa maji umekuwa mama yake wa ubatizo, na wewe na mzazi au mlezi wake mnaitana komadre mpaka mmoja amzike mwenzake. Ndugu wa tumbo moja mnaweza kununiana. Makomadre, hapana.

"Hapana, hapana, mimi nimemshika tu."

"Umesema Nasadiki yote," akasema Doña Librada. "Hata ile sehemu ya kuzimu."

"Ilinitoka tu!"

"Ndivyo inavyotakiwa itoke."

Simu ikapigwa Curaçao palepale. Yajaira alikuwa kwenye korido ya hoteli na shuka begani, analia kwa furaha.

"Komadre wangu! Siwezi hata kumshika mwanangu, wewe umenishikia. Mungu akubariki, komadre."

Ningeweza kumweleza habari za mafunzo kwa vitendo? Mwanamke analia na shuka za watu begani?

"Amina, komadre," nikasema.

Ndiyo. Niliitika. Kisha sahani ikaletwa, wali, maharage na paja la kuku, nikala mpaka mfupa. Meza nilishaipindua, kijiko kingeongeza nini?

Tangu siku ile kila asubuhi Bienvenida ananipigia simu. "Komadre, umeamkaje?" "Komadre, mwanao ametoa jino." "Komadre, njoo nikutengeneze hizo nywele, unanitia aibu." Na kila mara najibu, na kila nikijibu roho inaniuma na inafurahi kwa pamoja. Sikuwa na dada. Sijui kama niliwahi kuwaambia hilo.

Na kila wiki Profesa ananiuliza ofisini kwake.

"Meza ipo?"

"Ipo, Profesa."

"Imesimama?"

"Kwa miguu yote."

Uongo mtupu, na nilikuwa nausema nikimwangalia kwenye paji la uso kwa sababu machoni nilishindwa.

Zamu ya kwenda kwa bibi ikafika. Doña Fidelina nilimkuta kibarazani anamenya mbaazi mbichi. Alinisogezea kiti, akanipa kahawa, akasubiri niweke kikombe mdomoni.

"Nasikia mmemmwagia maji mjukuu wangu."

Kahawa yote kwenye sketi.

"Doña, ilikuwa radi, halafu Doña Librada..."

"Librada akiona wingu anabatiza mpaka kuku. Sikiliza, mwanangu. Mtoto yule ana maji kichwani tangu kanivali ya Februari. Alimwagiwa hapa, kwenye nyumba hii. Nilimmwagia mimi mwenyewe."

Nikaweka kikombe chini.

"Bienvenida anajua?"

"Atajuaje? Akijua atasema nimemwibia mtoto sakramenti."

"Na nani alimshika?"

Akapasua ganda moja, la pili, la tatu, kwa raha zake.

"Mwanamke mwenye heshima zake. Ameniomba nisimtaje, simtaji. Na wewe ukipeleka maneno saluni, mimi nitapeleka yako kwa hakimu." Halafu akacheka, akanipiga kofi la upole pajani. "Kula basi, umekonda. Msomi gani hana mashavu?"

Nilikwenda nyumbani mbio. Mama yangu, Doña Argentina, hajasoma theolojia, lakini hakuna padre aliyewahi kumshinda kwa hoja. Nilimweleza yote, kuanzia radi mpaka mbaazi.

"Maji ya kwanza ndiyo ubatizo," akaamua bila kuacha kupiga pasi. "Ya pili mtoto alikuwa anaogeshwa."

"Kwa hiyo mimi si kitu chake?"

"Si kitu chochote. Ulishika mtoto anayeoga."

Nilimbusu mama mpaka akanisukuma. Nimeokoka! Undugu hakuna, kosa hakuna, shahada iko palepale. Nilimaliza ripoti yangu kwa furaha, nikaandika nilichokiona kwa macho yangu: mtoto abaki kwa Bienvenida, na kila mwisho wa wiki aende kwa bibi yake, kwa sababu wote wawili wanampenda na hakuna hata mmoja anayeweza kumlea peke yake bila kuchoka.

"Ila huyo Bienvenida," mama akaongeza, "utamwambia mwenyewe kwamba si komadre wako. Mimi simo."

Sikumwambia. Kila siku nilisema kesho.

Siku ya mahakama ikafika. Chumba kidogo, feni moja, hakimu mmoja aitwaye Almonte mwenye sura ya mtu ambaye hajanywa kahawa. Bienvenida alikuja na Radhamés amevaa nyeupe tupu. Doña Fidelina alikuja na kipepeo chake cha mkono na harufu ya manukato inayotangulia mbele. Profesa Urania alikaa kando yangu, mgongo wima, miwani machoni.

Hakimu akasoma ripoti. Akakohoa. Akasoma tena.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Mabibi, mmeisikia. Kuna anayepinga?"

Bienvenida akamtazama Doña Fidelina. Doña Fidelina akamtazama Bienvenida. Kwa mara ya kwanza tangu niwajue, hakuna aliyefungua mdomo. Moyo wangu ukaanza kuvaa joho la mahafali.

"Kabla sijaipokea," hakimu akaendelea, bila hata kuinua macho. "Aliyeiandika na aliyeisaini, kuna mwenye undugu na mtoto huyu au na watu wake? Wa damu, wa ndoa, au wa ubatizo?"

Swali la kawaida. Wanaliuliza kila kesi. Nikajishikilia kwenye kiti na kujikumbusha maneno ya mama. Alikuwa anaoga. Alikuwa anaoga tu.

Kiti kikasogea. Si changu.

Profesa Urania alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, mimi ni mama wa ubatizo wa mtoto huyu."

"Nini?" akapiga kelele Bienvenida.

"Kaa, bibi," hakimu akamwambia. Sasa macho alikuwa ameyainua. "Profesa, endelea."

Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani, ila mikono ilikuwa inautafuta mnyororo wa miwani na haiupati.

"Mwezi wa Februari nilikwenda kuikagua nyumba ya Doña Fidelina kabla sijampa mwanafunzi kazi hii. Mtoto alikuwa kwa bibi yake siku hiyo, na alikuwa na homa. Akashikwa na degedege mapajani mwangu. Barabara ilikuwa imefungwa kwa kanivali, gari halipiti. Doña Fidelina akaleta maji. Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka, Mheshimiwa. Mimi nafundisha habari za meza miaka yote hii, na siku ile sikuona meza yoyote. Nilisema Nasadiki nikilia. Alipopona nilimwomba bibi asiniseme, na ripoti hii nimeisaini nikijua sikupaswa."

"Na alikula sahani mbili," Doña Fidelina akaongeza kwa fahari.

"Doña, nyamaza."

"Nasema ukweli wa Mungu, Mheshimiwa. Aliipenda."

Sasa nisiwafiche, maana tumetoka mbali pamoja. Nilifurahi. Nilifurahi vibaya. Yule mama aliyenihoji kuhusu kahawa! Nilitaka kucheka na kupiga makofi, nikajiuma midomo.

Hakimu akachukua kalamu.

"Saini ya Profesa naifuta. Ripoti inabaki ya mwanafunzi peke yake, na nikiona ni safi nitaipokea hivyo." Akanigeukia. "Wewe binti, una undugu wowote na mtoto huyu au na watu wake?"

Neno moja tu lilihitajika. Hapana. Lingekuwa kweli, kwa hesabu ya mama na kwa hesabu ya kanisa. Profesa ametangaza maji ya kwanza hadharani, mimi ni mtu baki kabisa. Shahada ilikuwa mlangoni, imevaa viatu, inanisubiri.

Nikafungua mdomo. Ndipo nikamwona Bienvenida.

Hakuwa anamtazama Profesa. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama mimi, mtoto begani.

"Kumbe maji yetu yalikuwa ya pili," akasema taratibu, kana kwamba chumbani tumo wawili tu. "Kwa hiyo wewe si komadre wangu?"

Miguu yangu ilisimama kabla sijaiambia.

"Mheshimiwa, ninao undugu."

"Kaa chini!" Profesa akaninong'oneza kwa ukali. Akanivuta sketi. "Kaa chini, mtoto wewe! Nimesimama ili wewe ukae!"

Nikamgeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Salcedo nzima inajua. Unadhani mimi natengenezewa wapi nywele?"

"Tutaongea sote kwa zamu," hakimu akasema. "Binti, undugu gani?"

"Maji yangu yalikuwa ya pili, Mheshimiwa. Wanaojua wanasema hayahesabiki. Lakini huyu dada ananiita komadre tangu Mei, na kila alipoita nimeitika. Siwezi kusimama hapa nikamwambia kwamba siku zote hizo nilikuwa naitikia jina la mtu mwingine."

Bienvenida akaanza kulia. Doña Fidelina, ambaye hajawahi kumpa yule msichana hata maji ya kunywa, akamsogelea akampepea kwa kipepeo chake.

Hakimu Almonte akaweka kalamu chini. Alitutazama mmoja mmoja.

"Nielewe vizuri. Ripoti hii imeandikwa na komadre wa huyu, na imesainiwa na komadre wa yule."

"Ndiyo, Mheshimiwa," tukajibu sote wawili.

"Profesa, chuo chenu kinamfanya nini mwanafunzi wa namna hii?"

Niliomba asijibu.

"Mafunzo yanafutwa. Na huyu hana nafasi nyingine."

Kulisikia limesemwa kwa sauti, mbele ya watu, ni kitu tofauti na kulijua. Miaka miwili, jamani. Kazi ya benki niliiacha mwenyewe, kwa mkono wangu.

"Na mwalimu wake," hakimu akauliza, "akifanya kosa hilohilo?"

"Hilo, Mheshimiwa, hatukuwahi kuliandika."

"Basi nendeni mkaliandike. Nataka jibu la chuo Ijumaa: ripoti hii ni ya mtaalamu au ni ya komadre. Wakisema ni ya komadre, naanza kesi upya na watu wengine."

Akainuka, akaondoka. Feni ikabaki inazunguka. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale, sijui niende kulia wapi, na Radhamés ananicheka kutoka begani kwa Bienvenida kana kwamba yote hayo nimemfanyia mchezo.

Profesa Urania alikunja karatasi zake polepole. Akavua miwani, akafuta macho kwa kiganja kama mtoto, akaivaa tena. Nilimsubiri anifokee. Nilikuwa tayari kabisa kufokewa.

"Chukua mkoba wako, komadre," akaniambia. "Mimi na wewe tumemshika mtoto mmoja, tutafanyaje? Tunakwenda kwa mkuu wa idara sasa hivi. Ama tunatoka na shahada yako, ama naacha kazi yangu hukohuko."